Kiumbe Nusu-Mtu katika Sinema za Msituni

Filamu ya Skullduggery, iliyotolewa na kampuni ya Universal ya Marekani mwaka 1970, ilizaliwa wakati aina yake ilipokwisha kuchakaa, yaani zile sinema za msituni ambazo kwa zaidi ya nusu karne ziliwapeleka Wazungu wachache na misafara ya wapagazi katika nchi zilizodaiwa kuwa hazijulikani, zikawakutanisha huko na mamba na chatu, na mara nyingine zikawaonyesha kiumbe ambaye si mnyama kamili wala si mtu kamili. Katika filamu hii, iliyoongozwa na Gordon Douglas, mtafuta mali aitwaye Douglas Temple, ambaye nafasi yake iliigizwa na Burt Reynolds, anajiunga na msafara wa mwanasayansi Sybil Graeme, aliyeigizwa na Susan Clark, kwenda katika milima ya Guinea Mpya, na huko wanawagundua viumbe wadogo wapole wenye manyoya mwilini, wanaopewa jina la Tropi. Wenye mitaji wanatambua mara moja kwamba kiumbe afanyaye kazi kama mtu, lakini asiyehesabiwa kuwa mtu kisheria, hana haki ya kudai mshahara, na njia pekee ya kuwaokoa Tropi inakuwa ni kufungua kesi ya mauaji kuhusu kifo cha mtoto wao mchanga, ili mahakama ilazimike kuamua kama aliyekufa alikuwa mtu.

Kama kazi ya sanaa, filamu hiyo haikujenga jina kubwa, kwani inayumba kati ya mzaha, safari ya hatari na hoja za mahakamani bila kutulia popote, na mtazamaji wa leo huichoka kabla haijafika penye uzito wake. Hata hivyo inastahili nafasi katika historia ya biashara ya sinema, kwa sababu ililipeleka mbele ya hakimu swali ambalo sinema nyingi za msituni zilizoitangulia zililichukulia kuwa limekwisha jibiwa, nalo ni swali la nani mwenye mamlaka ya kumpima mwenzake na kusema kwamba huyu ni mtu na yule siye.

Swali hilo halikutungwa na watayarishaji wa Marekani. Lilitoka katika riwaya ya Kifaransa iitwayo Les Animaux dénaturés, jina linaloweza kufasiriwa kuwa wanyama walioiasi asili yao, iliyochapishwa mwaka 1952 na Jean Bruller, mwandishi na mchoraji aliyejulikana zaidi kwa jina la kificho la Vercors. Wakati Ufaransa ilipokaliwa na majeshi ya Ujerumani ya Hitler, Bruller alishiriki kuanzisha shirika la uchapishaji la siri lililoitwa Les Éditions de Minuit, na mwaka 1942 shirika hilo lilitoa hadithi yake ya Le Silence de la mer, ambayo nakala zake zilipitishwa kutoka mkono hadi mkono bila utawala kujua. Mtu aliyeishi chini ya dola iliyowapanga wanadamu kwa madaraja ya damu, ikawaondolea baadhi yao utu kwa sheria kabla ya kuwaondolea uhai, hakuwa akicheza alipouliza ni mstari gani unaomtenga mtu na mnyama, na ukavu wa baadhi ya kurasa za riwaya yake, hasa zile za mabishano ya wataalamu, unasameheka kwa sababu hiyo.

Vercors alilijenga swali lake kwa ukali ambao filamu haikuthubutu kuufuata mpaka mwisho. Mhusika wake mkuu, mwandishi wa habari Douglas Templemore, anamzalisha jike mmoja wa Tropi kwa njia ya upandikizaji wa mbegu, kisha anamuua mtoto kwa sindano ya sumu na kumwita daktari aje aandike cheti cha kifo, akisisitiza kwamba amemuua mwanawe na kwamba anataka kushtakiwa. Ikiwa mtoto ni mnyama hakuna kosa, na Tropi wote wataweza kuuzwa na kutumikishwa viwandani, lakini ikiwa ni mtu, basi aliyeliuliza swali anastahili kunyongwa. Wataalamu wanaitwa kizimbani mmoja baada ya mwingine, huyu akipima fuvu, yule akipima matamshi, mwingine akitazama kisigino, na hawakubaliani, hata Bunge la Uingereza linalazimika kutunga maana ya mtu, kwa kuwa inagundulika kwamba sheria imewalinda watu kwa karne nyingi bila kusema mtu ni nani. Maana inayopatikana mwishoni haitegemei mifupa bali ile hali ya kiumbe kuwa na roho ya ibada, kuihoji asili badala ya kuishi ndani yake tu, na mshtakiwa anaachiliwa kwa kuwa sheria hiyo haikuwapo siku alipotenda.

Msomaji wa Kiswahili analo jambo la kuongeza katika mjadala huo, kwa sababu lugha yake ina maneno mawili pale ambapo wataalamu wa Vercors walikuwa wakigongana kwenye neno moja. Neno binadamu, lililotokana na Kiarabu, humaanisha mwana wa Adamu, na kwa hiyo hueleza nasaba, yaani mtu ni yule aliyezaliwa na mtu. Neno mtu limezaa neno utu, ambalo halielezi nasaba bali mwenendo, kiasi kwamba mtu aliyezaliwa na watu anaweza kuambiwa hana utu, na lawama hiyo ikaeleweka na kila asikiaye. Mashahidi waliopima mafuvu walikuwa wakimtafuta binadamu, ilhali Bunge, bila kulijua neno lenyewe, lilikuwa likiutafuta utu. Vilevile ni lugha hii hii iliyompa sokwe mmoja jina la sokwe mtu, bila yeyote kudhani kwamba jina hilo linampa haki ya kurithi shamba.

Biashara ya kumwonyesha kiumbe nusu-mtu kwa malipo ilianza kabla ya sinema kuwapo. Katika karne ya 19, baada ya nadharia ya mageuko ya viumbe kuenea, lilizuka wazo la kiungo kilichopotea, yaani kiumbe wa katikati aliyedhaniwa kuunganisha nyani na mtu katika mnyororo wa vizazi. Mwanasayansi wa Ujerumani Ernst Haeckel alimbunia kiumbe huyo jina kabla hajaonekana, na daktari Mholanzi Eugène Dubois alikwenda kumtafuta katika visiwa vya Indonesia, ambako mwaka 1891 na 1892, huko Trinil katika kisiwa cha Java, alipata mfupa wa paja na sehemu ya fuvu ambayo siku hizi inahesabiwa kuwa ya Homo erectus. Dubois alitafuta ardhini, katika mabaki ya wafu wa zamani sana. Wenye majumba ya maonyesho walichagua njia iliyo rahisi na ya kikatili zaidi, wakamtafuta kiungo huyo miongoni mwa watu walio hai.

Kisa cha Ota Benga kinatosha kueleza njia hiyo ilikofikia. Huyu alikuwa Mmbuti wa Kongo, yaani mmoja wa watu wa msituni ambao maandishi ya Kiswahili ya zamani yaliwaita mbilikimo, aliyepelekwa Marekani kuonyeshwa katika maonyesho makubwa ya St. Louis ya mwaka 1904, na Septemba 1906 akawekwa katika jumba la nyani la bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mbele ya umati uliokuja kumtazama pamoja na orangutani. Wachungaji weusi wa jiji hilo, wakiongozwa na James H. Gordon, ndio waliopaza sauti mpaka akatolewa. Mwaka 1916, akiwa Lynchburg katika jimbo la Virginia, alijiua. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi hadharani mwaka 2020, miaka 114 baadaye. Katika riwaya na katika filamu yapo majopo ya wataalamu, mawakili na hakimu, lakini Ota Benga hakupewa mahakama yoyote, na watu waliosimama kusema kwamba aliyefungiwa mle ni mtu walikuwa watoto wa watu walioishi utumwani.

Sinema iliirithi biashara hiyo na kuipanua, kwa sababu mkanda mmoja ungeweza kuonyeshwa katika miji mia kwa wakati mmoja. Mwaka 1930 ilitolewa filamu ya Ingagi, iliyotangazwa kuwa kumbukumbu ya kweli ya safari ya Kongo na kudai kuonyesha wanawake Waafrika wanaotolewa kwa masokwe na watoto nusu-nyani waliozaliwa kutokana na hali hiyo. Jina lenyewe ni neno halisi, kwani katika Kinyarwanda na Kirundi ingagi ndiye sokwe mkubwa wa milimani, na pengine hilo ndilo neno pekee la kweli katika mkanda mzima. Sehemu kubwa ya picha za wanyama ilichukuliwa kutoka katika filamu ya zamani ya safari za uwindaji, sokwe alikuwa Charles Gemora, mwigizaji mzaliwa wa Ufilipino aliyekuwa bingwa wa kuvaa ngozi ya sokwe, na wale walioitwa mbilikimo walikuwa watoto weusi wa Los Angeles. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliichunguza na mwaka 1933 ikaizuia kampuni husika kuendelea kuitangaza kuwa ya kweli, lakini kosa lililotajwa lilikuwa la kumdanganya mnunuzi wa tikiti. Waafrika waliosingiziwa hawakuwa upande wowote wa kesi hiyo.

Hata kampuni zilizosafiri kwa kweli hazikuacha mtindo huo. Kampuni ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke kupiga picha za Trader Horn nchini Kenya, Uganda na Kongo ya Wabelgiji, katika safari ya taabu nyingi ambayo mwigizaji Edwina Booth alirudi nayo akiwa mgonjwa na baadaye akaishtaki kampuni, na filamu ikaonyeshwa mwaka 1931. Picha zilizobaki hazikutupwa. Mwaka uliofuata zilitumika kujaza mandhari ya Tarzan the Ape Man, filamu ya kwanza ya Johnny Weissmuller katika nafasi hiyo, ambayo wasanii wake walifanya kazi Marekani huku nyuma yao yakipita maji na wanyama wa Afrika Mashariki, na ambamo kabila la watu wafupi liliigizwa na Wazungu wafupi wa kimo waliopakwa rangi nyeusi. Hivyo mtazamaji alionyeshwa nchi halisi iliyoondolewa watu wake, na watu bandia wakawekwa mahali pao.

Itakuwa si haki kuandika haya kwa Kiswahili na kuacha kusema kwamba pwani nayo ilikuwa na mizani yake. Katika zama za misafara ya pembe na watumwa, waungwana wa mijini walilitumia neno mshenzi kwa mtu wa bara, na neno ustaarabu, ambalo ndani yake limo jina la Waarabu, liliweka kipimo ambacho wengi wa bara hawakuweza kukifikia. Waliotekwa na kupelekwa sokoni Unguja waliitwa washenzi kwanza, na wasafiri wa Ulaya waliopita njia hizo hizo waliliokota neno hilo pamoja na dharau yake.

Kati ya mwaka riwaya ilipochapishwa na mwaka filamu ilipotoka, elimu ya asili ya mtu iligeuzwa juu chini, na sehemu kubwa ya mageuzi hayo ilitokea katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1953 ilithibitishwa kwamba fuvu la Piltdown, lililotangazwa Uingereza mwaka 1912 na kusumbua wataalamu kwa miaka arobaini, lilikuwa la kughushi, limeundwa kwa fuvu la mtu na taya la orangutani. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu katika bonde la Olduvai, likapewa jina la Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj, jina la kale ambalo Waarabu waliipa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1960 Jane Goodall, akiwa Gombe karibu na Kigoma, aliwaona sokwe mtu wakichuma vijiti na majani, wakiviandaa na kuvichomeka katika vichuguu ili wavue mchwa, jambo lililoibomoa ile kauli kwamba mtu ndiye kiumbe pekee atengenezaye zana. Mwaka 1964 Louis Leakey na wenzake walitangaza jina la Homo habilis, mtu stadi wa mikono. Mstari ambao mashahidi wa Vercors walikuwa wakiupigania kwa kupima mifupa ulikuwa umefifia pande zote mbili, kwa upande wa mifupa na kwa upande wa mikono, na filamu ya mwaka 1970 ilitoka kama kwamba habari hizo hazikuifikia.

Badala yake ilifuata soko. Mwaka 1968 Planet of the Apes ilikuwa imepata mafanikio makubwa kwa nyuso za nyani alizozibuni John Chambers, na kiumbe mwenye manyoya alikuwa mali tena. Skullduggery, neno la Kiingereza lenye maana ya ulaghai na ambalo herufi zake za mwanzo zinafanana na neno la fuvu, ilipigwa picha Jamaika, kisiwa kilichofanywa kuwa Guinea Mpya kwa kuwa kilikuwa na mimea ya kitropiki na kilikuwa karibu na Marekani. Kwamba hadithi ya kampuni inayotaka wafanyakazi wasio na mshahara iliigizwa katika ardhi ambayo Waafrika walilimishwa miwa bila mshahara hadi miaka ya 1830 ni jambo ambalo wenyeji wa kisiwa hicho hawakuhitaji kuelezwa.

Hakuna, hata hivyo, lililo zito katika filamu hiyo kuliko mtu aliyewekwa ndani ya manyoya. Topazia, Tropi wa kike ambaye kesi inamzunguka, aliigizwa na Pat Suzuki, mwimbaji Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyekuwa amepata sifa katika jukwaa la Broadway mwaka 1958 kwa mchezo wa Flower Drum Song. Akiwa mtoto, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye na jamaa zake walikuwa miongoni mwa watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani waliohamishwa makwao kwa amri ya serikali ya Marekani na kufungiwa kambini, naye alifungiwa katika kambi ya Amache, Colorado. Mahakama kuu ya nchi hiyo iliubariki uhamisho huo mwaka 1944. Msichana aliyezaliwa California na bado akahesabiwa kuwa si wa nchi yake kwa sababu ya sura ya wazazi wake alikua, akawa msanii, kisha akapewa nafasi ya kiumbe asiyesema, anayesubiri wengine waamue yeye ni nani. Nafasi ya mwanasheria mkuu katika kesi hiyo ilipewa William Marshall, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito iliyozoea majukwaa ya Shakespeare, na kati ya waigizaji wote wa filamu hiyo ni wawili hawa ambao historia ya nchi yao iliwapa sababu ya kulielewa swali bila kufundishwa.

Guinea Mpya yenyewe haikupewa nafasi ya kusema. Katika mwaka ambao filamu ilionyeshwa, nusu ya mashariki ya kisiwa hicho ilikuwa bado chini ya Australia, na haikupata uhuru, kwa jina la Papua Guinea Mpya, mpaka Septemba 1975. Dhana ya Vercors kwamba kampuni ya Australia ingewatamani wafanyakazi wasiolipwa haikuwa ndoto, kwani kati ya mwaka 1863 na 1904 watu wapatao 62,000 wa visiwa vya Pasifiki walichukuliwa kwenda kulima miwa Queensland, wengi kwa hila na baadhi kwa nguvu. Mwaka 1933 ndugu Michael na Dan Leahy, wakitafuta dhahabu, waliingia katika bonde la Wahgi lililo katika nyanda za juu ambazo watu wa nje walizidhani kuwa milima mitupu, wakakuta mabonde yaliyojaa watu na mashamba yaliyopimwa kwa mistari.

Michael Leahy alikuwa na kamera, na picha alizopiga zilitumika nusu karne baadaye katika filamu ya First Contact ya mwaka 1983, iliyotengenezwa na Bob Connolly na Robin Anderson, ambamo wazee wa nyanda hizo wanaeleza wenyewe siku ile. Wanasimulia kwamba waliwadhani wageni weupe kuwa roho za jamaa zao waliokufa, wakajiuliza kama ni watu, na wakafanya uchunguzi wao: walichungulia wageni walipokwenda kujisaidia, wakakagua walichokiacha, wakatambua kwamba kinanuka kama cha kila mtu. Mjadala ambao Vercors aliupeleka Bungeni walikwisha kuuendesha wenyewe, na aliyekuwa akipimwa safari hiyo alikuwa Mzungu.

Mwaka 1972, miaka miwili baada ya filamu kutoka, mwanaakiolojia Jack Golson alianza uchimbaji mkubwa katika kinamasi cha Kuk, ndani ya bonde lile lile la Wahgi. Chini ya udongo mweusi ilionekana mitaro ya kutolea maji, tuta juu ya tuta, kizazi juu ya kizazi, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba watu wamelima hapo kwa muda usiopungua miaka 7,000, wakipanda magimbi na migomba katika enzi ambayo sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa bado haijajua jembe. Mwaka 2008 Kuk iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndizi mwitu ya Guinea Mpya ni miongoni mwa wazazi wa migomba iliyosafiri polepole kuelekea magharibi mpaka ikavuka Bahari ya Hindi, na nasaba yake imo katika migomba ya nyanda za juu ambayo Wahaya wa Bukoba na Waganda wameizungushia nyumba zao.